Springi za Njia ya Machimbo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na kwamba lile goti limeanza kukuruhusu kushuka ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakusalimu. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele kwa siku moja, na sasa hataki kucheka mbele ya wageni mpaka ajifunike shati usoni. Mkweo naye ni mzima, na habari zake ndizo hasa zilizonikalisha hapa na kalamu, maana si za kusemea kwenye simu.

Mambo yalianzia kwenye gari. Lile gari letu kubwa, la juu, unalolilalamikia kwamba kulipanda ni kama kupanda kitanda cha hospitali, limezeeka. Miezi miwili iliyopita lilianza kugonga mbele. Kila tukipita tuta, ko-ko-ko, kama kuna mtu amefungiwa ndani ya boneti anaomba atolewe. Mkweo akasema ni kawaida ya magari ya umri ule. Lakini unaijua kazi yangu ya mapazia. Jicho langu halivumilii kitu kilichokwenda upande. Asubuhi moja, gari limesimama uani, niliona bega lake la kushoto limelala. Nikachukua utepe wangu wa kupimia vitambaa, nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kushoto palikuwa pafupi kuliko kulia kwa vidole viwili kamili.

Tukalipeleka gereji kwa fundi wetu, yule tunayemwita Kimya kwa sababu maneno yake hupimwa kwa kijiko. Akalipiga jeki, akavua magurudumu ya mbele, akatuita. Shokapu zote mbili, zile za kutuliza mtikisiko, zilikuwa zinavuja mafuta, na springi ya kushoto ilikuwa imekatika pete ya chini. Akasema zibadilishwe zote, kulia na kushoto, maana ukibadili upande mmoja gari litatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Sijafungua mdomo, mkweo akadakia kwamba anataka zile springi ngumu, za njia mbaya. Mama, mume wangu ni karani. Kutoka mlangoni kwetu hadi mezani kwake ni lami tupu. Njia mbaya ipi?

Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Huko kupokelea simu nje nako kulikuwa kumeanza karibuni. Kimya akainama, akachokonoa kikombe kinachokaliwa na springi, akaniwekea kiganjani vumbi jeupe na kijiwe chenye ncha. Akaniuliza gari hili hubeba mizigo ya wapi. Nikamjibu hubeba watoto wawili na mabegi ya shule. Akatikisa kichwa, akasema springi haikatiki hivi kwa mabegi ya shule. Hili gari linashuka mlima wa mawe likiwa na mzigo mzito, na linashuka mara kwa mara. Kwa mtu anayeitwa Kimya, hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake nikaenda peke yangu kwenye duka la spea. Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi, anazijua shokapu kama mimi ninavyoijua satini. Akaniwekea jozi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ya mtumba, imefutwa ikang'aa. Akasema ananionyesha tu nisije nikadanganywa nayo kwingine, akaikandamiza moja ikazama bila ubishi wowote. Ya pili mpya, yenye ulaini ule ule gari lililotoka nao kiwandani. Ya tatu ilikuja na springi ngumu, waya wake mnene kama kidole gumba, akasema hizo kwa mjini zitawarusha watoto kama bisi kwenye sufuria. Nikamuuliza nani basi huzinunua. Akacheka. "Si mumeo alikuja wiki iliyopita kuziulizia? Alisema za njia ya machimbo." Kisha akauona uso wangu, akaanza kupanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Tangu hapo, Mama, nikageuka polisi ndani ya nyumba yangu. Kila Jumamosi mkweo alikuwa akiniaga kwamba anakwenda ofisini kumalizia mafaili. Jumamosi ile nilisoma kilomita kwenye dashibodi kabla hajaondoka, nikazisoma tena aliporudi. Zilikuwa zimeongezeka themanini na sita. Ofisini kwake ni nane, kwenda na kurudi. Nikapekua kwenye droo ya gari, nikakuta risiti ya godoro la mtu mmoja. Halafu nikakumbuka pazia. Mwezi uliotangulia aliniomba nimshonee pazia dogo la dirisha moja, eti la stoo ya ofisini, jua linababua makaratasi. Nikamshonea la kijani, na nikalipiga pindo maradufu kwa sababu lilikuwa la mume wangu. Nilikaa mbele ya cherehani yangu nikajiona mjinga wa wajinga. Nimemshonea mke mwenzangu pazia kwa mikono yangu mwenyewe!

Nilikupigia wewe simu nikilia, kisha nikamwambia wifi yangu mkubwa. Nilimwambia kwa siri, na kwa siku mbili siri ikawa imewafikia watu wote wa ukoo wao. Mkweo alipita mbele yao kimya, hakujitetea hata kwa neno moja, na ule ukimya wake kwangu ukawa ushahidi.

Ijumaa akaniuliza kama nimeshanunua springi zile ngumu. Nikamwambia sinunui springi za njia nisiyoijua. Anipeleke kwanza niione, na niwaone na wenyeji wake. Alikaa kitandani, soksi moja mkononi. Akasema, "Basi kesho twende. Lakini usije ukanilaumu." Asubuhi nilimpigia Kimya simu kumuuliza kama gari litafika. Akasema litafika, ila twende kama tuliobeba mayai.

Lami iliisha, zikaanza changarawe, kisha mawe meupe ya machimbo, kisha mteremko uliofanya kule kugonga kwa mbele kugeuke kelele tupu. Nyuma kulikuwa na madumu kumi ya maji yaliyojaa; nilidhani mwanamke yule anapenda kuoga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo makali, Mama, ya kumtoa nyoka pangoni. Tukasimama mbele ya vyumba vitatu vya matofali vilivyopangana, na dirisha la mwisho lilikuwa na pazia la kijani, pindo maradufu.

Aliyetoka alikuwa mzee. Mkono wake wa kushoto umekufa, mguu anauburuza. Alinitazama sana, akashika fremu ya mlango, akaniita kwa jina lako.

Hapo ndipo nilipomjua. Yule mtu. Yule uliyetufundisha tukiulizwa tuseme amekufa. Nilikuwa darasa la tatu alipoondoka na cherehani yako begani, na kwa miaka thelathini sijawahi kulitamka neno baba isipokuwa ninapomzungumzia wa mwingine. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yalikuwa ya mwanamke. Ya kumwambia yeye sikuwa nayo hata moja. Mkweo alianza kushusha madumu kama hakuna kilichotokea. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba maji ya huko ni ya chumvi, na daktari amemkataza mzee chumvi.

Sasa naungama, Mama, na ukitaka kuichana barua ichane baada ya kusoma hapa. Sikumsamehe. Lakini kucha za miguu yake zilikuwa ndefu mpaka zimejikunja, nami siwezi kukaa chumba kimoja na kitu kama hicho. Niliomba mkasi, nikachemsha maji, nikamwosha miguu, nikamkata kucha. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira bado. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Wifi nimekwishamwomba radhi, na mume wangu nimemwomba mara mbili.

Ila nilipomuuliza mkweo ni nani aliyemwonyesha njia ya kule, alisema ameapa kutosema. Basi shaka ikaamka upya. Nikamshuku kaka. Nikamshuku yule jirani yetu wa zamani anayejua habari za kila mtu. Juzi mzee aliniomba nimpe dawa zake. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na juu ya karatasi kumeandikwa: moja asubuhi, moja jioni, usinywe bila kula kitu. Herufi zimelala kushoto, na kila "y" ina mkia unaoingia mstari wa chini. Mwandiko huo ulitia sahihi ripoti zangu za shule kwa miaka yote. Nilimwonyesha mkweo ile karatasi. Akatazama dari.

Mama, ni wewe. Wewe ndiye uliyemtuma mume wangu, na wewe ndiye uliyemwapisha. Nilipokupigia simu nikilia kwamba mkweo ana mwanamke, ukaniambia niache kumfuatafuata, nilishangaa tangu lini umekuwa mpole hivyo kwa wanaume. Uliacha nimdhanie mume mwema ubaya, ili tu nisijue kwamba umelainika. Sikuulizi kwa nini unampelekea dawa. Nauliza kwa nini ulinionea haya mimi.

Springi nimenunua zile ngumu, na shokapu zake mpya, pande zote mbili. Kimya amezifunga jana. Watoto wanarushwa kidogo mjini, wanafurahi.

Wasalimie kaka na majirani wote wanaoniulizia. Mkweo anakusalimu sana na anaogopa barua hii kuliko mimi. Ukitaka kunijibu, usimtume yeye. Niandikie mimi mwenyewe, kwa mwandiko ule ule.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mshona mapazia wako