Mashirika Matatu, Bonde Moja

Mama Dulamsuren wa redio, shikamoo. Mimi huwa nawacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, maana kuna jambo limenikaa kooni na sina pa kulitapika, basi nisikilize kwanza halafu unigombeze ukitaka.

Nafanya kazi kwenye shirika moja la misaada hapa makao makuu ya wilaya, na kazi yetu vuli hii ni kuwatafutia wafugaji malisho ya kuhamia kabla theluji haijafunga njia, kwa sababu kiangazi mvua ilitunyima na kila mtu anajua kwamba dzud inakuja, majira yale ya baridi yanayoua mifugo kwa makundi. Wenzetu walizunguka nyikani mpaka wakalipata Bonde la Ulaanhooloi, lina majani na lina kisima, wakalichora kwenye ramani, na bosi wetu akatukusanya akasema, "Ramani hii ndiyo mkate wetu. Wafadhili wakisikia wengine wamelipata kabla yetu, tutaonekana tulikuwa tumelala. Atakayeropoka aanze kutafuta kazi," nasi tukaitikia kwa vichwa.

Basi Jumapili dada yangu mkubwa akaniita kula buuz, yale madonge ya unga yenye nyama ndani yanayopikwa kwa mvuke, na mumewe Tserendorj, ambaye yuko shirika jingine, alikuwa ameshapiga vikombe viwili vya vodka akaanza kunitania kama kawaida yake.

"Shemeji, nyie kazi yenu kupunga upepo kwenye magari. Watu wetu sisi tumeshawapatia malisho, kondoo watakula mpaka wasinzie."

"Acha majigambo wewe. Wapi huko?"

"Siri ya ofisi, bibie."

"Hata mimi shemeji yako?"

"Haya, lakini usije ukanichoma. Ulaanhooloi."

Mama, lile tonge lilinikwama, nikasingizia mvuke umeniunguza. Kesho yake akanipigia simu kaka yangu Dashnyam, mfugaji, baba wa watoto wanne ambaye mali yake yote ni kundi lake, ananiambia kwa furaha kwamba shirika la tatu limemwandikisha yeye na majirani zake kuhama, na mtawa wetu, lama, ameshawachagulia siku njema ya kufungasha mahema, mwanzoni mwa mwezi ujao, na wanakwenda wapi? Hukohuko. Bonde lile linatosha familia za shirika moja, tena kwa kubanana. Zikifika za mashirika yote matatu majani yatakwisha kabla hatujasherehekea mwaka mpya, na wakati huo theluji haitaruhusu mtu kutoka.

Kila mwezi tuna mkutano wa mashirika yote, wa muda wa saa moja tu, ofisini kwa mkuu wa wilaya, na wa juzi nilikwenda nimejiandaa kusema, lakini mmoja akasimama akasema kazi zinakwenda vizuri, wa pili akasema vizuri, na mimi ilipofika zamu yangu nikajisikia nasema vizuri, tukapigiana makofi tukaondoka. Nikamdokeza mama yangu mzazi, naye akaniziba mdomo kwa kiganja: "Koma! Watu wanajiandaa na safari, wewe unawatabiria mabaya? Kinachotamkwa huja!" Sasa nawaza nimnong'oneze kaka peke yake abadili njia, hao wengine mbingu iwasaidie. Nina watoto wawili, nawalea mwenyewe, na kazi hapa hazipatikani. Nifanye nini?

Uranchimeg

*

Uranchimeg mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani kukufinya.

Nianze na mama yako, ambaye namheshimu. Ni kweli hatumtabirii msafiri mabaya. Lakini aliyeona barafu ya mto imepasuka akanyamaza, huyo hajalinda safari ya mtu, amekaa tu kusubiri maziko. Kuonya si kulaani, na mama yako analijua hilo. Alikuwa anakuogopea wewe.

Sasa huo mkutano wenu. Hivi umekulia hemani au wapi? Mgeni akiingia, ukimuuliza mifugo vipi, atasema wamenona, hata kama jana mbwamwitu amemmalizia nusu ya kundi. Hiyo ni salamu. Unamimina chai ya chumvi, chupa ya ugoro inazunguka, anakuuliza habari za wazee, na hapo ndipo anaposhusha pumzi na kuanza kusema yaliyomleta. Nyinyi mmejiwekea saa moja ofisini, mnasalimiana zamu kwa zamu, mnapigiana makofi, mnaondoka. Miaka yote mnasalimiana tu! Kisha mnaandika kwamba mmeshirikiana.

Na hili la kumnong'oneza kaka yako limeniudhi kuliko yote. Unamlaumu bosi wako kwa kuficha ramani, na wewe unataka kuichana ukampe ndugu yako kipande. Majirani zake wakifika bondeni wakamkosa, wakajua alijua, atakaa na nani maisha yake yote? Nyikani mtu haishi bila majirani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mashirika yenu yanafichana mpaka yatazaa mizoga. Mimi nimeuona mwaka ambao mbuzi waliganda wakiwa wamesimama, watoto wakiwasukuma wakidhani wamelala. Sitaki kuuona tena.

Fanya hivi. Chukua likizo ya siku moja, useme unaumwa, na kweli unaumwa. Nenda kwa mkuu wa wilaya nyumbani kwake, siyo ofisini, umwombe awaite wakubwa wa mashirika yote kwenye hema la mfugaji mmojawapo, pamoja na viongozi wa wanaohama kutoka kila upande. Saa zibaki mlangoni. Chai inywewe mpaka watu wachoke kudanganyana. Halafu kila mmoja aseme anapeleka familia ngapi na wapi, na wafugaji wenyewe waseme nani abaki Ulaanhooloi na nani aelekee kwingine, kwa sababu wao wanayajua mabonde ambayo magari yenu hayajawahi kuyafikia. Siku ya lama ikisogezwa mbele, lama hatakasirika.

Utaniambia bosi atakufukuza. Majina yote niliyosoma leo nimeyageuza, lako, la kaka yako, la shemeji yako mropokaji, hata chakula mlichokula siku hiyo sikukisema sawasawa. Ofisini kwenu mko wengi na kila mmoja ana shemeji.

Jina la bonde sikuligeuza. Nimelisoma kama ulivyoliandika, asubuhi hii, saa ambayo kila hema lina redio imewashwa pembeni ya jiko. Wanaojiandaa kuhama wameshalisikia, wote, wa mashirika yote matatu, na naamini sasa hivi wanatandika farasi kuja kuwauliza. Huna tena siri ya kutunza, mwanangu. Vaa koti, wahi kwa mkuu wa wilaya kabla hawajafika.