Sura Niliyoifuta kwenye Broshi ya Mjane

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi ya Joburg leo haina adabu. Mpaka saa nne vidole vilikuwa na ganzi, na moyo vilevile.

Nimeharibu kitu kisichotengenezeka.

Wiki iliyopita mama mmoja Mwingereza aliingia katika duka langu la usonara hapa Malvern, Jules Street. Alifiwa na mume mwaka jana, akahamia huku kwa binti yake. Alileta broshi, pambo la kubania nguo kifuani, dogo kama kifungo cha koti, la shaba iliyopakwa dhahabu. Katikati palichongwa sura ya mtu: macho ya duara, pua ndefu. Marehemu aliipata kwao Uingereza, shambani kwa jirani yao. Alikuwa mmoja wa wale wazee wanaozunguka mashambani siku za mapumziko na mashine inayolia ikipita juu ya madini. Watu wa makumbusho walimwambia ni kazi ya Waanglo-Saksoni wa mwanzo, watu wa kale wa Uingereza, ina miaka kama elfu moja na mia tano, wakaiandika kisha wakamrudishia. Miaka yote ya kutafuta, hakupata kingine cha maana.

Mama alitaka pini mpya nyuma, aivae kanisani kesho, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afiwe.

Pini tu.

Lakini mimi nilifundwa Tanga, na kwetu kazi hairudi kwa mwenyewe ikiwa chafu. Ukiunga pete moja ya mkufu, unausafisha mkufu wote, bure. Ndiyo heshima. Kwa hiyo nilifunga pini, nikaichovya broshi kwenye tindikali, nikaipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia. Nilikuwa napiga mluzi. Nilipoifuta iling'aa kweli, ila sura haikuwepo. Shaba ilikuwa imeoza zamani, na kile nilichodhani ni uchafu ndicho kilichokuwa kimeishika sura.

Nikamwonyesha jirani yangu Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Akaitazama, akanitazama.

"Fundi, si uko na foto mu telefone? Chonga ingine. Ule mama ni muzee, hataona kitu."

Naona haya kuandika hili: jana nilianza. Nilichonga jicho moja, likatoka zuri, mkono haukutetemeka hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa, nikaweka patasi chini.

Leo mama alikuja. Hakuitazama kwanza, aliipapasa kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta. Akauliza hilo jicho limetoka wapi. Nikamweleza yote, pamoja na jicho.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua.

Badala yake akaniomba radhi. Akasema kosa ni lake, hakuniambia kwamba mbele isiguswe, na mimi nilitaka kumfanyia wema.

Na mimi, kwa mazoea ya adabu za dukani, nikamjibu: "Usijali, mama."

Akashukuru, akaibana kifuani, akatoka.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Mjane amepoteza kitu cha mumewe mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyemsamehe. Kesho asubuhi, kabla hajaenda kanisani, nitampigia binti yake niombe kuongea na mama. Samahani yenyewe sijamwambia bado.