Siuzi Tanuri la Beldina

Nyamasaria, 12 Machi 1994

Walter mwanangu,

Mvua imenyesha vizuri. Jogoo wako amekufa, kwa sababu tulimla.

Umeandika niuze tanuri la umeme la shanga za kioo, eti mkeo hataliweza. Asiyeliweza ni mimi! Nililifungua mapema nichungulie, shanga nyingi zikapigwa na baridi ya ghafla, zikapasuka. Beldina akacheka: "Baba, hii si sufuria ya ugali ya kufunuafunua." Akanifundisha kubonyeza tarakimu, moto utulie saa nzima, kisha ushuke polepole mpaka kesho yake. Kichwa hicho cha mkeo, sijui ulikipataje!

Nakutumia shanga mbili: yangu moja iliyosalia, na yake. Ziangushe sakafuni, halafu uniambie tena niuze.

Ni mimi babako, mwanafunzi wa mkeo,
Zadock