Mshale Umelala Sifuri

Felix nimejifungia chooni hapa gereji. Usinipigie, niandikie tu.

Lile gari la Mwalimu Nyamvula, aliyetufunza darasa la nne. Lile la otomatiki lisilobadilisha gia. Nimeshusha gia boksi nzima, nikaifungua, nikaifunga tena. Siku tisa Felix!! Siku tisa anampeleka mumewe kusafishwa figo kwa tuktuk.

Leo tukatoka kulijaribu, yeye kaketi kando yangu. Tunafika Mjambere gari linanguruma tu, gia ni ile ile.

Akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole, polepole. "Fondo mwanangu, si nilikwambia? Huu mshale wa spidi haupandi."

Alinambia. ALINAMBIA Felix. Siku ya kwanza kabisa! Nikamjibu, "Mwalimu, hiyo ya mshale ni kitu kidogo, tutaangalia baadaye."

Ni sensa ya spidi, kile kidude cha kupima mwendo. Gari halijui linakwenda kasi gani, litabadilishaje gia? Tuliporudi nimeipima, imekufa. Kitu kama kidole gumba, bolti moja, na iko nje ya gia boksi. NJE. Sikuwa na haja ya kufungua chochote.

Wala hajakasirika. Heri angenitukana wallahi. Yuko pale kwa benchi, na mahamri kaniletea.

Bado sijathubutu kumwambia ni sensa. Nimemwambia nipe dakika mbili nifikirie shida ni nini. Unajua kanijibuje?

"Usiharakishe, mwanangu. Mimi mambo ya magari nayajulia wapi?"