Sungura Namba Kumi na Nne

Dunda, Bagamoyo
24 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Mina,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, joto la Maskati halijakuzidi nguvu, na lile goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba naye mzima, ila kikohozi cha asubuhi hakijamwacha, na hospitali hataki kwenda.

Uliuliza kwa nini nimekuwa kimya. Kazini kulinichafukia, shangazi. Pale kituoni tunapima dawa ya kupaka ya kuzuia mbu, kwa hiyo mbu wenyewe tunawafuga, na mbu jike asiponyonya damu hatagi. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza sungura, na kila asubuhi kumnyoa mmoja tumbo, kisha kumlaza juu ya wavu wa kizimba ili mbu wamnyonye.

Kanuni inataka kila sungura apumzike wiki mbili. Lakini mwezi wa nne sungura watano walikufa kwa kuhara, wengine wakaugua, na wachache waliobaki wazima wakawa wanarudiwa kila baada ya siku mbili. Namba kumi na nne alitoka vipele tumbo zima, akaacha kula. Nikimkaribia, anajibana pembeni akitetemeka. Sungura halii, shangazi. Ndiyo maana ni rahisi kumsahau.

Asubuhi moja nikamwambia mkuu wangu, Dokta Abdulnasir, "Leo huyu simtoi."

"Mbu wakikosa damu, jaribio la miezi minane limekufa," akanijibu. "Watoto wanaokufa kwa malaria huwaonei huruma?"

Neno hilo lilinichoma. Nilimkumbuka Khamis wako, alivyokwenda kwa homa ya siku tatu tu, mimi nikiwa darasa la nne. Nikamwambia, "Ndugu yangu alikufa kwa malaria. Dawa hiyo naitaka kuliko wewe. Lakini na huyu anaumia." Akaniamuru nirudi nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Nilikaa siku tisa, najiona nimemsaliti Khamis. Nilidhani Baba atanifokea, maana kwake sungura ni kitoweo. Akasema tu, "Kiumbe asiye na mdomo hana wakili. Ukiona, useme wewe."

Siku ya kumi Dokta alinipigia mwenyewe. Nilipofika akanionyesha mkono wake, umejaa vipele toka kiganjani hadi kiwiko. Kumbe alikuwa ameuingiza kizimbani badala ya sungura. Mbu wetu hawana ugonjwa, lakini kuuma wanauma.

"Dakika kumi, Mardhiya," aliniambia, "na mimi nilijua zitaisha. Yeye hajui."

Tukajaribu njia nyingine. Damu ya ng'ombe tunaichukua machinjioni, tunaiweka kwenye vikombe vya kioo vinavyopashwa kwa maji ya vuguvugu, na chini tunavifunika kwa ngozi nyembamba. Siku nne mbu walisusa. Nikaisugua ile ngozi kwa soksi nilizoshinda nazo kutwa, maana mbu hufuata harufu ya miguu. Cheka tu! Kesho yake matumbo yao yalikuwa mekundu, na Dokta alishangilia kama aliyefunga goli.

Sikufichi, sungura sita bado wapo, kwa kipimo kimoja ambacho hatujapata namna ya kukifanya bila wao. Lakini wanapumzika kama inavyotakiwa, na daftari la zamu nalishika mimi. Namba kumi na nne nilipewa, yuko hapa nyumbani, manyoya yameota. Baba anamkatia majani ya matembele, eti anamnenepesha kwa ajili ya Idi. Idi imepita, na bado anamkatia.

Jaribio nalo halikufa. Wiki iliyopita dawa ilizuia mbu saa saba mfululizo.

Wewe ndiye mama yake Khamis, kwa hiyo nakuuliza wewe: je, nilimkosea? Moyo wangu unasema hapana, lakini ningependa kulisikia neno hilo kwako.

Nisalimie Feisal na mkewe, na umbusu Lulu mdogo. Baba na Nasrin wanakusalimu sana. Mola akupe afya, akurudishe kwetu salama, na amrehemu Khamis.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Mardhiya Bwanausi