Baba, Tumboni Mwako Kuna Wageni

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kutoka Gongoni, Tabora, jua likiwaka na vidole vyangu vikinukia karanga. Mwenyeji wangu, Mama Kulwa, amepika ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga. Nilipoketi kula, akamwita jirani yake aje akae nami mkekani. Anasema huku mgeni haachiwi sahani peke yake.

Mlenda ukivutika vidoleni, nikawaambia kile ninachofundisha darasani: utumbo nao umepakwa ute kama huu, na ndio unaoulinda. Bakteria wanaoishi humo hula nyuzinyuzi za nafaka na mboga. Wakizikosa, hutoa vimeng'enya vinavyokatakata ule ute, wakaula wenyewe, na ukuta wa utumbo ukabaki bila kinga ya kutosha.

Mama Kulwa akacheka. "Hao ni kama wapagazi wa misafara ya zamani kabisa! Msafara usipopewa chakula, ulikuwa unaingia shambani mwa mwenyeji na kujilia mazao."

Nami nikacheka, halafu nikakukumbuka wewe. Tangu Mama atutoke unaishi kwa chai na mkate mweupe, na nikikugombeza unanijibu kwamba kula peke yako hakuna ladha.

Nakuletea unga wa mtama na mlenda mkavu. Pika japo kidogo, Baba, wala usininunie. Najua kiti cha Mama kitupu. Lakini tumboni mwako kuna umati mzima unaokungoja ushike tonge.

Binti yako akupendaye,
Zawadi