Dua ya Mvua Iliyosahau Ngamia

Mjukuu wangu Hodan,

Assalaam aleykum. Hapa Iftin tu wazima, alhamdulillahi. Nyanya yako ametolewa bandeji ya jicho, na tayari ameanza kuyaona madoa kwenye mashati yangu.

Unauliza kama babangu alikasirika nilipomsaidia yule padri mzungu kuandika kitabu chake cha sala kwa Kisomali. Mimi nilikuwa namsahihishia lugha, nikienda kwake kwa kificho. Siku moja baba alizikuta karatasi mkekani. Hakuzijua herufi zile za Kizungu, akaniamuru nimsomee. Nikasoma dua ya kuomba mvua, nikijua leo nafukuzwa.

Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia, "Amin." Kisha akazichukua zile karatasi na kuzichomeka juu, chini ya paa, maana jina la Mungu haliachwi sakafuni.

"Huyo padri wako ameombea mahindi, ameombea ng'ombe," akasema. "Ngamia je? Mwambie aandike upya."

Kesho yake nilikwenda kwa padri mchana kweupe, nimetumwa na baba.

Awowe wako,
Abdi